Maada Fiche si Nguvu za Giza

Hatukusudii katika makala haya kumvunjia mtu heshima, wala hatutamtaja mfasiri ye yote kwa jina. Lakini kunyamaza nako kuna mpaka wake. Katika tafsiri zinazopita mikononi mwa wanafunzi wetu imeanza kuzoeleka kwamba ile maada ambayo wanafalaki huijua kwa uvutano wake tu, wala si kwa mng'ao wake, iitwe "maada nyeusi" au "maada ya giza". Na ile nishati inayosemwa kuufanya ulimwengu upanuke kwa kasi inayozidi kuongezeka iitwe, nasi twaomba radhi kwa kulirudia neno hili, "nguvu za giza". Mwalimu aliyepata kusimama mbele ya vijana katika nchi zetu hizi zilizopakana na kitovu cha Kiswahili anajua lipi hutokea neno hilo linapotamkwa. Nusu ya darasa hucheka, nusu ya pili hutazamana. Nguvu za giza ni uchawi, ni mapepo, ni jambo linalokemewa kwa maombi ya usiku kucha. Si jambo lipimwalo kwa darubini.

Wapo watakaosema kwamba jina ni jina tu, na kwamba mtoto akishaelezwa maana atazoea. Sisi twakataa. Jina likiwa kinyume cha kitu chenyewe, maelezo yote yatakayofuata ni kazi ya kubomoa kile ambacho jina limejenga. Na katika habari hii jina la giza ni kinyume kabisa cha kitu. Ili hoja yetu isiwe ya maneno matupu, yatupasa kwanza tueleze habari yenyewe, tena kwa Kiswahili, maana wapo pia wanaodai kwamba haielezeki kwa Kiswahili. Hao tutawarudia.

Nuru hupindwa na uvutano. Jambo hili lilithibitishwa mara ya kwanza kwa picha zilizopigwa tarehe 29 Mei 1919, jua lilipopatwa. Waingereza walipeleka watu mahali pawili: Sobral nchini Brazil, na kisiwa cha Príncipe katika Ghuba ya Guinea, ambacho leo ni sehemu ya nchi ya São Tomé na Príncipe. Huko Príncipe alikuwako Arthur Eddington. Asubuhi ile mvua ilinyesha, na mawingu yakakaribia kuiharibu safari yote. Picha zilizofaa zilikuwa chache. Lakini picha za visiwani na za Brazil zilipopimwa pamoja, zilionyesha kwamba nyota zilizoonekana kando ya jua lililopatwa hazikuwa mahali pake pa kawaida. Zilikuwa zimesogea kidogo, kwa kuwa miale yake ilipindwa ilipopita karibu na jua. Einstein alikuwa amekwisha kadiria kwamba mwali upitao ukingoni mwa jua ungepindwa kwa sekunde 1.75 za tao, mara mbili ya kadirio litokanalo na hesabu za Newton. Upana wa mwezi mpevu angani ni sekunde za tao zinazokaribia 1,900. Kwa hiyo kilichopimwa hakizidi sehemu moja ya elfu ya upana huo. Ilikuwa hesabu ya kubishaniwa, na ilibishaniwa kweli kweli, hata vipimo vya baadaye vilipoithibitisha kwa usahihi uliozidi.

Madhali jua huweza kuipinda nuru, basi kitu kizito zaidi huweza zaidi. Mwaka 1936 Einstein, kwa kuombwa na Rudi Mandl, aliandika maelezo mafupi kuhusu nyota moja kuipinda nuru ya nyota nyingine iliyo nyuma yake, kama ifanyavyo lenzi, akasema kwamba matumaini ya kuliona jambo hilo ni haba. Mwaka uliofuata Fritz Zwicky, Mswisi aliyefanya kazi California, alisema kwamba Einstein alichagua lenzi iliyo ndogo mno: tusitazame nyota, alisema, tutazame galaksi nzima. Zwicky hakuwa mtu mpole, na wenzake wengi hawakumpenda. Lakini hapo alisema kweli. Mwaka 1979 Walsh, Carswell na Weymann walikuta kwazari mbili zilizokaribiana sana angani, umbali wa sekunde 6 tu za tao, zenye nuru ya namna moja kana kwamba ni mapacha. Hazikuwa mapacha. Ilikuwa kwazari moja, na mbele yake galaksi iliyoigawa nuru yake katika njia mbili. Na katikati ya miaka ya 1980 wanafalaki wa Toulouse na wa Marekani, kila kundi kwa upande wake, waliona katika kundi la galaksi liitwalo Abell 370 tao refu la nuru. Ilidhihirika baadaye kwamba tao lile ni galaksi ya mbali, nyuma ya kundi, ambayo sura yake imevutwa ikawa kama ukope.

Mwalimu atakaye kuwaonyesha wanafunzi jambo hili hahitaji maabara. Na achukue bilauri yenye mguu, ile iliyokwisha vunjika juu ikabaki kitako chake. Atie nukta ya wino juu ya karatasi, kisha aitazame kupitia kitako hicho. Nukta ikiwa katikati barabara, itaonekana kuwa pete. Akikisogeza kitako kidogo, pete itakatika ziwe tao mbili zikabiliane. Lenzi ya miwani hukusanya miale mahali pamoja. Hii haina mahali pamoja, kwa sababu mwali upitao karibu na kiini hupindwa sana, na upitao mbali hupindwa kidogo. Pete kama hiyo ipo angani kweli: mwaka 2025 ilitangazwa kwamba darubini ya Euclid, iliyorushwa mwaka 2023, imeiona ikiizunguka galaksi iitwayo NGC 6505, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 590. Galaksi hiyo ilijulikana tangu karne ya 19, na muda wote huo hakuna aliyeiona pete yake.

Sasa tufike kwenye maada yenyewe. Uzito wa lenzi hujulikana kwa kadiri inavyoipinda nuru, kama vile mvuvi ajuavyo ukubwa wa samaki kwa mvuto wa mshipi kabla hajamwona. Na kila mara makundi ya galaksi yanapopimwa kwa njia hii, uzito unaopatikana huwa mkubwa kupita kiasi cha nyota na gesi zote zinazoonekana humo. Zwicky aliliona tatizo hili tangu 1933, kwa njia nyingine: alipima kasi za galaksi katika kundi la Coma, akakuta kwamba zinakimbia mno kiasi kwamba kundi lingekwisha tawanyika zamani lau lisingekuwa na maada zaidi ya ile inayong'aa. Tarakimu yake ilitia chumvi, maana umbali wa galaksi ulikuwa haujapimwa vyema siku hizo; lakini hoja ilisimama. Vera Rubin na Kent Ford waliongeza ushahidi mwaka 1970, walipoonyesha kwamba sehemu za nje za galaksi ya Andromeda huzunguka kwa kasi ambayo nyota zake pekee haziwezi kuieleza. Leo, kwa vipimo vya setilaiti ya Planck, yakadiriwa kwamba maada hiyo ni takriban mara tano ya maada yote ya kawaida, yaani ile iliyofanya nyota, bahari, na mikono iandikayo maneno haya.

Zwicky, aliyeandika kwa Kijerumani, aliiita maada ya giza. Hakuwa wa kwanza. Mholanzi Kapteyn alikuwa amelitumia neno kama hilo mwaka 1922. Na hapa ndipo tunapowaomba ndugu zetu wafasiri watulie na kusikiliza. Watu wale walipolitumia neno giza walikuwa na haki nalo, kwa sababu walidhani kwamba maada hiyo ni nyota zilizopoa, gesi baridi, mawe na vumbi, yaani vitu vya kawaida visivyowaka. Kitu cha namna hiyo ni cheusi kweli. Huzuia nuru, hutia kivuli. Lakini dhana yao imekwisha kupita. Maada tunayoisema haizuii nuru hata chembe. Haiimezi, haiirudishi, haitii kivuli. Nuru hupenya ndani yake kama kwamba hamna kitu, ila njia yake hupinda. Wazungu wameliacha neno la zamani libakie kwa mazoea, na hiyo ni haki yao, nyumba ni yao. Sisi tuliokuja kutia jina leo, huku tunajua wasiyoyajua wao siku ile, kwa nini turithi kosa pamoja na elimu?

Tena kosa hili lina madhara ambayo kila mwenye macho anaweza kuyaona bila darubini. Katika anga letu la kusini, usiku usio na mwezi, ukanda ule mweupe wa nyota una mabaka meusi. Moja kubwa liko kando ya Msalaba wa Kusini, na mabaharia wa Ulaya walilifananisha na gunia la makaa ya mawe. Ni wingu la vumbi na gesi linalozuia nuru ya nyota zilizo nyuma yake. Ni maada, ni ya kawaida, na ni nyeusi. Mtoto mwerevu aliyefundishwa "maada nyeusi" darasani atatoka usiku, ataliona baka lile, naye atasema: ile pale! Naye atakuwa amekosea, na kosa si lake. Ni la aliyempa jina.

Lau angetaka kuonyeshwa mahali palipotoa ushahidi mkubwa, tungemwelekeza upande mwingine. Mabaharia wa pwani waliijua nyota ya Suheli, ambayo kwa jina lake upande wa kusini nao uliitwa suheli. Ni nyota ya pili kwa mng'ao katika anga lote la usiku. Akinyoosha mkono, kiasi cha vidole vitatu au vinne kutoka Suheli, mbali mno kiasi kwamba jicho halioni kitu, yako makundi mawili ya galaksi yaliyogongana. Umbali wake ni takriban miaka ya nuru bilioni 4. Wanafalaki huyaita Kundi la Risasi, kwa sababu gesi ya kundi dogo imechongoka kama risasi iliyopenya. Yalipopitana, galaksi zenyewe hazikugusana, maana zimeachana mno. Lakini gesi iliyo kati yake, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya maada ya kawaida katika makundi kama hayo, iligongana, ikapata joto kali, ikabaki nyuma. Darubini ya Chandra iliiona gesi hiyo kwa miale ya eksirei. Sasa tuulize: uzito uko wapi? Ungekuwa wote ni maada ya kawaida, ungekuwa ulipo gesi. Mwaka 2006 Douglas Clowe na wenzake walipima jinsi sura za galaksi nyingi zilizo nyuma zaidi zilivyopindwa, wakakuta kwamba sehemu kubwa ya uzito haiko kwenye gesi. Iko mbele, pamoja na galaksi, kama kwamba ilipita katikati ya mgongano wote pasipo kusimamishwa na kitu.

Upimaji huo wafaa uelezwe, kwa sababu hauna tao kubwa wala pete. Kila galaksi ya nyuma imenyooshwa kidogo tu, kiasi ambacho huwezi kujua kwa kuitazama peke yake, maana galaksi kwa asili yake zina maumbo mengi. Ni kama shamba la mpunga. Shina moja lililoinama halikuambii kitu. Lakini ukiona shamba zima limelalia upande mmoja, wajua upepo ulipotokea ingawa upepo wenyewe hukuuona. Je, upepo ni giza?

Twajua kwamba wapo wenye shaka juu ya maada hiyo yenyewe, wala shaka yao si ya kudharauliwa. Mordehai Milgrom alipendekeza mwaka 1983 kwamba tusitafute maada mpya, bali tuirekebishe kanuni ya uvutano. Na ni kweli kwamba hadi leo hakuna chombo, pamoja na vile vilivyozikwa chini ya milima ili vikingwe na miale ya angani, kilichoikamata hata chembe moja ya maada hiyo. Historia nayo imetoa mifano miwili isiyolingana. Mwendo wa Uranus ulipokwenda kombo, Le Verrier alihesabu kwamba ipo sayari isiyojulikana inayoivuta, na mwaka 1846 Neptune ikaonekana. Mwendo wa Utaridi ulipokwenda kombo, yeye yule akadai kuwapo sayari nyingine, akaipa na jina, nayo haikuwako. Iliyohitaji kurekebishwa ilikuwa kanuni, na Einstein ndiye aliyeirekebisha mwaka 1915. Kwa hiyo mwenye shaka ana mahali pa kusimama. Lakini Kundi la Risasi ni mzigo mzito kwa wapingao. Kadhalika iko habari ya mwaka 2014, nyota iliyolipuka katika galaksi ya mbali ikaonekana mara nne nyuma ya kundi moja la galaksi. Waliolichora kundi hilo, pamoja na maada yake isiyong'aa, walihesabu kwamba nuru ya mlipuko uo huo ilikuwa bado njiani kwa njia nyingine iliyo ndefu zaidi, na kwamba ingefika mwaka mmoja hivi baadaye, mahali walipopataja. Ilifika Desemba 2015, mahali pale pale. Mlipuko huo uliitwa Refsdal, kwa jina la Mnorwe aliyeandika tangu 1964 juu ya namna nuru ya mlipuko mmoja iwezavyo kufika kwa nyakati mbalimbali. Sisi si wanafalaki, lakini kitu kinachokuwezesha kutaja siku na mahali hakistahili jina la mizimu.

Turudi kwa wale wasemao kwamba mambo haya hayaingii katika Kiswahili. Msomaji amefika hapa. Na aseme ni wapi lugha ilimwangusha. Watasema: galaksi, kwazari, lenzi ni maneno ya kuazima. Naam, ni ya kuazima. Na "galaksi" Waingereza waliiazima wapi, kama si kwa Wayunani, ambao kwao asili yake ni maziwa tu, yale ya kunywa? Sisi tuna falaki, tuna darubini, tuna Zuhura na Mushtarii na Zohali na Utaridi, nyingi zikiwa zimeletwa na pepo za kaskazini pamoja na majahazi, wala hakuna aliyeona haya kuzipokea. Tuna na Kilimia, ambayo jina lake latoka katika kulima, kwa kuwa nyota zile ziliwaambia watu wakati wa kushika jembe. Lugha iliyosoma kalenda yake angani isiambiwe leo kwamba anga si lake.

Kwetu sisi jambo hili lina uchungu wa pekee. Katika nchi zetu Kiswahili hakikuingia kwa mlango wa shule. Kwa wengi kiliingia kwa njia za biashara, na kwa sauti ya askari; na wapo wazazi, hasa nchini Uganda, wanaokikumbuka kwa sauti hiyo mpaka leo. Sheria zimekwenda mbele yetu: Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, na Baraza la Mawaziri la Uganda likaridhia mwaka 2022 kwamba kifundishwe kwa lazima shuleni. UNESCO nayo mwaka 2021 iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku yake. Basi kila Julai twakutana, twaghani mashairi, twacheza ngoma, twapiga picha, twarudi nyumbani. Hatuyachukii mashairi, wengi wetu ndiyo tunayoyafundisha. Lakini mwanafunzi anayesoma fizikia kwa Kiingereza au Kifaransa saa mbili asubuhi, kisha saa nne akaja kwetu, akikuta kwamba Kiswahili kina maneno ya soko, ya kambi na ya harusi peke yake, atatupima kwa kipimo hicho. Na siku atakapolikuta neno la elimu kwa mara ya kwanza, akute ni "nguvu za giza"! Tutakuwa tumemthibitishia kila dharau aliyoisikia nyumbani.

Basi lipi litumike? Hatukatai kwamba kazi ni ngumu. "Maada isiyoonekana" ni kweli lakini haitoshi, kwani hata hewa haionekani. "Maada ghaibu" lina sauti nzuri, nasi tulivutwa nalo kwa muda. Lakini ghaibu ni neno la dini, na halitakuwa uungwana kulitoa msikitini kulipeleka maabara bila ruhusa ya wenyewe. Sisi twachagua "maada fiche". Neno fiche halisemi kwamba kitu ni cheusi, halisemi kwamba ni kiovu. Lasema kwamba kipo na hakijajionyesha, na hiyo ndiyo hali ilivyo hasa. Tena fiche lipo tayari katika masomo yetu, maana kila mwalimu wa fasihi hufundisha maana fiche, nayo hujulikana kwa jinsi inavyoyapinda maneno yaliyo mbele yake. Kwa ile ya pili iwe "nishati fiche", si "nguvu", kwa sababu nguvu na nishati ni vitu viwili katika fizikia, na aliyeandika "nguvu za giza" amekosa mara mbili katika maneno matatu. Na kwa jambo lenyewe la kupindwa kwa nuru, "lenzi ya uvutano" latosha, tusilitafutie pambo.

Maneno hayo matatu twayaweka mbele ya wanachama kabla orodha ya istilahi za shule haijafungwa. Mwenye jina lililo bora na alilete, tutalichapa kwa jina lake. Mwenye kulitetea giza naye ana nafasi katika kurasa hizi, kwa sharti moja: atueleze kwanza, kwa Kiswahili chake, tofauti kati ya maada hiyo na lile baka jeusi lililo kando ya Msalaba wa Kusini.